Anzia Ukurasa wa Mwisho: Mwongozo wa Kuandika Mwanzo na Mwisho wa Mswada wa Filamu

Mswada wangu wa kwanza wa filamu fupi ulikuwa na kurasa 18, na msomaji wa shindano nililoupeleka aliniambia kwa upole kwamba aliuacha kwenye ukurasa wa 4. Nilijitetea kuwa mambo yenyewe yalianza ukurasa wa 6. Akanijibu kuwa, ikiwa ni hivyo, ukurasa wa 6 ndio uliopaswa kuwa ukurasa wa 1. Niliudhika kwa muda wa wiki nzima, kisha nikazitupa zile kurasa tano, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza zilikwenda wapi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wenzangu wa Lubumbashi wanaoandika mswada, ule ambao hapa kwetu wengi huuita senario, wawe wanauandika kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Nitautumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mwanzo na mwisho wa filamu havifundishiki kando kando. Ni ncha mbili za kamba moja, na ukivuta huku, kule nako kunasogea.

Hatua ya 1: Andika mwisho kwa sentensi moja inayoonekana

Kabla hujaandika neno lolote la ufunguzi, andika sentensi moja inayosema ni kitu gani kitakachoonekana kwenye pazia katika sekunde za mwisho. Nasisitiza neno kuonekana. "Mzee anajifunza kusamehe" si mwisho wa filamu, kwa kuwa kamera haiwezi kupiga picha ya kujifunza. "Mwanamke muuza nyanya anauteremsha mti wa kizuizi cha reli" ni mwisho, kwa sababu mwongozaji akiusoma anajua amwite nani, saa ngapi, na aweke kamera wapi.

Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, usikate tamaa, ila tambua kwamba bado huna hadithi; unayo hali tu. Hali katika mji huu hazipungui: maji yaliyokatika, kaka aliyekwenda kuchimba mawe asirudi, wakwe wanaoongeza orodha ya mahari siku ileile ya kuipokea. Hali inakuwa hadithi pale tu inapojulikana inamfikisha nani wapi.

Mfano wangu ndio huu. Mzee Kasongo alikuwa mfanyakazi wa kampuni, mlinzi wa kivuko cha reli, na aliachishwa kazi miaka mingi iliyopita. Hata hivyo kila alfajiri anavaa sare, anafunga buti na kwenda kazini. Anakokwenda ni kwenye kivuko kilekile, ambako hakuna anayemlipa, na treni hupita kwa nadra sana. Kazi yake ni kuteremsha kizuizi treni ikija, na kabla ya hapo kumfukuza Mama Feza, ambaye amepanga meza yake ya nyanya katikati ya reli.

Hatua ya 2: Tafuta deni

Mwanzo wa filamu ni mkopo. Mtazamaji anakukopesha uvumilivu wake, na wewe unampa ahadi kwamba kuna jambo atakalolijua kabla taa hazijawashwa. Mtu aliyeketi katika ukumbi wa Halle de l'Étoile huona haya kuinuka katikati ya filamu, kwa hiyo mkopo wake ni mrefu kidogo. Anayetazama kwenye simu ndani ya basi hana haya yoyote, na kidole chake kiko tayari.

Deni hilo liandike kama swali, tena swali moja kubwa. Katika mfano wetu, swali la kwanza lililonijia lilikuwa: mzee huyu anakwenda wapi? Ni swali zuri la dakika mbili, lakini haliwezi kubeba dakika kumi na tano, kwa sababu likijibiwa limekwisha. Swali lililo chini yake ndilo lenye uzito: kazi isiyolipwa na mtu yeyote, ni kazi ya nani? Swali dogo humwingiza mtazamaji mlangoni, na swali kubwa humkalisha kitini. Unayahitaji yote mawili, na usiyachanganye, maana filamu nyingi hujibu lile dogo kwa fahari kubwa halafu zikadhani zimemaliza.

Hatua ya 3: Chagua dakika ya kuingia

Mshairi Mroma Horatius alimsifu Homer kwa kumtumbukiza msikilizaji katikati ya mambo badala ya kuanzia kwenye yai, yaani mwanzo kabisa wa hadithi. Ushauri huo una zaidi ya miaka 2,000 na bado tunaukiuka. Tunaanza na saa inayolia, kijana anayepiga mswaki, chai inayomiminwa, salamu za kila mtu mmoja mmoja. Katika maisha salamu ni lazima, na asiyesalimu ni mtu asiye na adabu. Katika mswada salamu hubaki tu pale zinapoumiza, kwa mfano mtoto anaposalimu na baba asiitike.

Jaribio ni rahisi. Ondoa onyesho lako la kwanza, kisha soma kuanzia la pili. Kama hukupoteza kitu, lile la kwanza lilikuwa ni wewe unayepasha injini moto. Rudia jaribio mpaka ufike mahali ambapo ukiondoa kitu panauma.

Niseme pia neno moja juu ya bomba kubwa la moshi na kile kilima cheusi cha taka za shaba kilicho kando yake. Ni nembo ya mji wetu, na wachoraji wetu wameiweka kwenye turubai kwa miongo mingi, lakini kufungua filamu kwa picha ya juu inayokizunguka kilima hicho kumekuwa kama kuandika "hapo zamani za kale". Ukitaka bomba lionekane, lionekane kwa jicho la mtu fulani, kutoka dirisha fulani, kwa sababu fulani.

Hatua ya 4: Andika ukurasa wa kwanza

Ukurasa mmoja wa mswada uliopangwa kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12 hukadiriwa kuwa sawa na dakika moja ya filamu. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ni dakika nzima, nayo ni ndefu kuliko tunavyofikiri. Hivi ndivyo nilivyoanza mara ya kwanza: picha ya mji kutoka juu, muziki wa huzuni, na sauti ya mzee ikisema, "Naitwa Kasongo. Mwaka 2003 kampuni iliniachisha kazi pamoja na maelfu ya wenzangu." Kila neno ni la kweli, maana katika mpango wa mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wakiwa na malipo ya kuagia. Lakini mtazamaji ameshalipwa kabla hajakopesha. Hana tena la kuuliza.

Niliandika upya hivi:

NDANI. NYUMBA YA MZEE KASONGO – ALFAJIRI

Giza. Njiti ya kiberiti inawaka. Mkono wa mzee unawasha mshumaa.

Buti za kazi, kuukuu, zimepakwa dawa mpaka zinang'aa. Mikono inazifunga. Kamba zake ni nyaya za umeme.

MZEE KASONGO (68), sare ya bluu iliyopauka, anafungua mlango taratibu.

SAUTI YA MWANAMKE (kutoka chumbani)
Papa, unaenda fasi gani?

MZEE KASONGO
Kazi.

Kimya.

SAUTI YA MWANAMKE
Kazi gani?

Mzee anatoka. Anaurudishia mlango bila kelele.

Angalia kilichotokea kwa habari za mwaka 2003. Hazikutajwa, lakini sare iliyopauka na zile nyaya zimezibeba. Mtazamaji wa Lubumbashi akiiona sare ile anamjua mzee kabla hajafungua kinywa, kwa kuwa ana mjomba wa namna hiyo. Mtazamaji wa Ouagadougou, ambako tamasha la filamu la FESPACO hufanyika kila baada ya miaka miwili, haujui mpango ule wala hauhitaji; anamwona mtu anayeitunza buti kuliko mwili wake, na swali la yule mwanamke linamtosha.

Kuna mambo mawili ya lugha yanayomhusu anayeandika kwa Kiswahili. La kwanza ni njeo, yaani wakati wa kitenzi. Maelezo ya mswada huandikwa kwa -na-: anatoka, anafunga, anainua. Ukiteleza ukaingia kwenye -ka-, akatoka akafunga akainua, umeshaanza kusimulia hadithi ya kusomwa, na kamera imegeuka kuwa bibi anayesimulia jioni. La pili ni kwamba kitenzi chetu hakionyeshi kama mtu ni mwanamume au mwanamke. "Anaingia" katika riwaya ni siri tamu. Katika mswada ni uzembe, kwa sababu kamera itamwonyesha tu, na mwongozaji anahitaji kujua atamwita mwigizaji yupi. Taja jina kwa herufi kubwa, umri, na kitu kimoja kinachoonekana. Kimoja kinatosha.

Kwa mazungumzo, waache watu waseme kama wanavyosema. Maelezo yangu huyaandika kwa Kiswahili sanifu ili asomaye Dar es Salaam au Nairobi aelewe, lakini Mzee Kasongo hawezi kusema "unakwenda mahali gani" bila kugeuka kuwa mtangazaji wa habari.

Hatua ya 5: Panda mbegu kabla ya ukurasa wa kumi

Katika filamu ndefu, yenye kurasa kama 90 hadi 120, wasomaji wengi wa miswada huamua katika kurasa kumi za mwanzo kama wataendelea. Katika filamu fupi huna kurasa kumi za kuchezea. Chukua ile sehemu moja ya kumi ya mwanzo uihesabu kuwa ndiyo kurasa zako kumi.

Mwandishi Mrusi Anton Chekhov aliwaonya waandishi wasiweke jukwaani bunduki yenye risasi ikiwa hakuna atakayeipiga. Wengi hulikumbuka onyo hilo upande mmoja tu. Upande wa pili ndio unaotuhusu zaidi: ikiwa kitu kitafanya kazi mwishoni, lazima kionekane mapema, tena kikiwa kinafanya kazi nyingine, ili mtazamaji akione bila kushuku. Kwa hiyo orodhesha vitu vyote vilivyomo katika sentensi yako ya mwisho. Ya kwangu ina mwanamke, nyanya, reli na mti wa kizuizi. Vyote lazima viwe vimeonekana kabla hatujafika mbali. Nikaongeza onyesho la pili:

NJE. KIVUKO CHA RELI – ASUBUHI

Meza ya nyanya imesimama katikati ya reli. MAMA FEZA (40) anapanga mafungu, nyanya tano tano. Buti zinazong'aa zinasimama mbele ya meza. Hainui macho.

MZEE KASONGO
Tosha tomati yako, mama. Treni inakuya.

MAMA FEZA
Treni ilikufaka, mzee.

Mzee anamwambia aondoe nyanya, naye anajibu kwamba treni ilishakufa. Mtazamaji anacheka, na wakati anacheka ameshaziona nyanya, meza, reli na ukaidi wa Mama Feza, bila kujua kwamba amekabidhiwa karibu kila kitu cha dakika ya mwisho.

Hatua ya 6: Lipa deni, ila kwa sarafu isiyotarajiwa

Hapa ndipo nilipokaa miezi mitatu, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mwisho wangu wa kwanza ulikuwa huu: mzee anaugua, na mjukuu wake anazivaa zile buti, amezijaza makaratasi kwenye vidole ili zimtoshe, na kwenda kivukoni. Niliuona mzuri mno. Rafiki yangu aliyeusoma alisema, "Buti hizo nilijua mtoto atazivaa tangu nilipomwona mtoto." Alikuwa na haki. Deni lilikuwa limelipwa, lakini kwa noti ambayo mdai alishaiona ikichungulia mfukoni mwa mdaiwa.

Mwisho wa pili ulikuwa mbaya zaidi: gari la kampuni linafika, bwana mwenye tai anashuka na bahasha yenye mishahara yote ya nyuma. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake cha utunzi wa tamthilia, aliwalaumu watunzi waliofungua mafundo yao kwa mashine ya jukwaani iliyomshusha mungu kutoka juu. Alitaka mwisho utoke ndani ya mambo yenyewe. Mungu wa mashine hapa kwetu ana sura nyingi: ni mjomba anayerudi kutoka Ulaya, ni mchungaji anayeingia wakati uleule wa maombi, ni ndoto ambayo shujaa anaamka kutoka kwayo. Mimi sina ugomvi na wachungaji. Nasema tu kwamba mtu aliyeingia ukurasa wa 14 hana haki ya kumaliza hadithi iliyoanza ukurasa wa 1.

Ndipo nilipojiuliza swali ninalolipendekeza kwa kila mwandishi aliyekwama: nani katika hadithi hii amebadilika? Mzee Kasongo hakubadilika. Anaamka, anafunga buti, anakwenda. Mwanzo yuko hivyo, mwisho yuko hivyo. Mjukuu naye alimpenda babu tangu mwanzo. Aliyekuwa na umbali wa kusafiri ni Mama Feza, ambaye hakuiamini treni wala mzee, na ambaye nilikuwa nimemweka pale kwa ajili ya kuchekesha tu. Anayebadilika ndiye mwenye kitendo cha mwisho. Nilipolitambua hilo, nilirudi mwanzoni na kumpa onyesho la pili lote, na katikati ya mswada nikampa sababu za kumchukia mzee: siku ambayo nyanya zake zilikanyagwa kwa sababu ya treni ambayo haikuja.

Kipimo cha mwisho mzuri, kwa maoni yangu, ni kwamba mtazamaji asiubashiri kabla haujafika, na akishauona asiweze kufikiria mwingine. Ukikosa sharti la kwanza unachosha. Ukikosa la pili unadanganya. Mwisho unaweza kufungwa kabisa, unaweza kuachwa wazi, au unaweza kurudi mahali filamu ilipoanzia. Lakini kuachwa wazi kusiwe kisingizio cha mwandishi asiyejua. Jibu swali kubwa. Yale madogo waweza kuyaacha. Katika filamu yangu hatuambiwi kama mzee amekufa au anaumwa tu. Tunajua kazi yake ilikuwa ya nani.

Hatua ya 7: Ondoka mapema

Sisi tuliokua tukitazama michezo ya Kiswahili ya kundi la Mufwankolo tunapenda mchezo umalizike na mtu akituambia tumejifunza nini. Jukwaani, mbele ya watu wanaojibu na kupiga kelele, jambo hilo lina uhai wake. Katika filamu maneno hayo hufika baada ya mtazamaji kuelewa, na hakuna anayependa kuelezwa alichokwisha kukielewa. Tafuta sentensi ya mwisho ya mazungumzo yako uifute. Kisha ifute iliyokuwa kabla yake, uone kama picha inasimama yenyewe.

Ndugu Lumière, Wafaransa waanzilishi wa sinema, katika onyesho lao maarufu la Paris la mwaka 1895, walionyesha picha za wafanyakazi wakitoka kiwandani kwao Lyon, filamu isiyotimiza dakika moja. Lango linafunguka, watu wanatoka. Hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa kwamba siku ya kazi imekwisha.

Ukurasa wangu wa mwisho ukawa huu:

NJE. KIVUKO CHA RELI – ASUBUHI

Mama Feza anapanga nyanya, tano tano, katikati ya reli.

Kando ya nguzo, kiti cha Mzee Kasongo ni kitupu.

Honi ya treni, mbali.

Mama Feza anainua macho. Anakitazama kiti. Watoto wa shule wanakuja wakikimbizana kuelekea kwenye reli.

Honi, karibu zaidi.

Anazikusanya nyanya kwenye kitenge, anaiburuta meza kando. Nyanya moja inaanguka. Haiokoti. Anafika kwenye nguzo. Anafungua kamba. Mti wa kizuizi unashuka.

Watoto wanasimama.

Giza. Kishindo cha treni kinapita.

Treni haionekani kamwe. Mtayarishaji alifurahi kwa sababu ya bajeti, nami nikamwacha aamini kwamba hiyo ndiyo sababu. Kwa kweli nilitaka filamu iliyoanza gizani kwa njiti ya kiberiti irudi gizani, safari hii ikiwa na sauti ya kitu ambacho mzee alikuwa akikiamini peke yake.

Hatua ya 8: Soma ncha mbili kwa mtu asiyeujua mswada

Mswada ukishakamilika, chukua ukurasa wa kwanza, lile onyesho la pili na ukurasa wa mwisho, umsomee kwa sauti mtu ambaye hajasikia habari zake, kisha umwombe akusimulie katikati. Usimchague mwandishi mwenzako. Atakusifu au atakuonea wivu. Akishindwa kabisa kubuni katikati, ncha zako hazizungumzii jambo moja. Akiisimulia yote bila kukosea, hadithi yako inajulikana mno. Unachotafuta ni kwamba ajue nani amebadilika, lakini akosee njia iliyompitisha.

Nilimsomea jirani yangu, mama anayeuza makaa mtaani kwetu, usiku ambao umeme ulikuwa umekatika, kwa mwanga wa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba huyo mwanamke wa nyanya bila shaka alikuwa amekopeshwa fedha na mzee, na kwamba meza ile ilikuwa ya mzee tangu zamani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwamo. Nikampigia mwongozaji asubuhi yake, nikamwambia tunaweza kuanza kutafuta buti.